Mtandao wa Ghorofani

Jumatatu, 3 Machi

Mimi si mtu wa kusamehe haraka. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi, mkunga akahangaika kuzikunjua ili anioshe. Leo nimezikunja tena, na anayestahili kipigo ni laptopu.

Siku ya kwanza ya majaribio, jamani, siku ya kwanza! Ofisi ya wasanifu majengo iliyo mji mwingine imechukua wachoraji wawili tufanyie kazi nyumbani msimu huu wote wa mvua. Mvua zikiisha, mmoja wetu ataajiriwa na kuhamia huko, mwingine ataambiwa asante. Mwenzangu ni bwana mmoja anayevaa tai kwenye kikao hata kama amekaa jikoni kwake, maana nyuma yake naona masufuria. Nimempa jina Bwana Tai. Mkuu wa ofisi ni mama mwenye sauti ya taratibu, miwani inamning'inia kifuani. Akaniambia, "Haya, tuonyeshe ngazi zako." Nikafungua mchoro, nikafungua mdomo, waifai ikakata. Niliporudi, Bwana Tai alikuwa anaeleza ngazi zake yeye, tena ngazi mbaya, mgonjwa akipandishwa kwa machela atabaki katikati.

Naitaka kazi hii mpaka meno yananiuma. Tangu ndoa yangu ivunjike nikarudi kwetu, mtaa unaniita "yule aliyerudi". Nina cheti, nina mkono mzuri, nami nachora vibanda vya maduka na vyoo vya majirani. Ofisi ile inajenga hospitali. Nataka kuchora hospitali, halafu jioni nifunge mlango ambao ufunguo wake ninao mimi peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Imekata. Nimezima, nimewasha. Nimeiambia mashine isahau mtandao, kisha nikaikumbusha kwa neno la siri. Imeshika, ikakata tena Mkuu alipotaja jina langu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri, na Mama maumivu ya nyonga yamemzidi. Tangu aanguke bafuni hawezi kujigeuza mwenyewe. Tumegawana zamu na Dada: asubuhi ni yake, kwa sababu ya vikao vyangu; mchana na usiku ni yangu. Dada anakaa ghorofani na shemeji, mimi na Mama tuko chini. Ruta, yaani kile kisanduku cha kurushia waifai, iko juu sebuleni kwa Dada, kwa kuwa waya unaingilia darini. Ndiyo maana mtandao wenyewe unaitwa Ghorofani. Mtandao wa simu huku chini haushiki vizuri, ukuta wa nyuma umeegemea mteremko, kwa hiyo kula yangu na kulala yangu vinategemea kisanduku cha Dada.

Dada aliposhuka kumwogesha Mama nilimlalamikia. Akanipapasa mgongo kwa mkono wenye sabuni. "Pole, mdogo wangu. Mitandao ya siku hizi ni kama waume wa siku hizi, ukiihitaji haipo." Tulicheka mpaka Mama akauliza tunamcheka nani. Sijui ningefanya nini bila Dada.

Jumanne, 11 Machi

Nimepeleka laptopu kwa fundi mwenye duka kwenye kona, yule mwenye televisheni mbovu zilizopangwa kama matofali. Akaifungua, akaitikisia kichwa kana kwamba imemtukana. "Hii kadi yake ya waifai inasinzia, dada yangu. Umeiwekea kubana umeme. Usipoigusa kidogo, inalala." Akabadilisha mipangilio, akaipa na masasisho mapya. Akaniapia kwamba ikikata tena nimwite mbwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mbwa.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ofisini hakukuwa na kikao, basi nikaiacha laptopu dukani kutwa nzima, nikamwambia fundi aiwashe asiiguse. Jioni nilikwenda na maneno yangu nimeyanoa. Akanipokea anatabasamu. Haikukata hata kidogo. "Mgonjwa si huyu," akasema. "Mgonjwa yuko nyumbani kwenu."

Nilimkasirikia kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, ikabidi nimkasirikie hivyo hivyo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefanya kazi ninayoijua. Nimechora ramani ya nyumba yetu, juu na chini, kila ukuta na unene wake, kisha nikatembea na laptopu mkononi nikiandika nguvu ya mtandao kwenye kila chumba. Chumbani kwangu ni nzuri. Kwa Mama ni nzuri. Chini ya ngazi, moja kwa moja chini ya ruta, ni nzuri mno. Na juzi nilifanyia kikao hapo hapo chini ya ngazi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ikakata, huku simu yangu kwenye waifai ile ile inaendelea kupokea picha za watoto wa watu. Ukuta hauna kosa. Mvua haina kosa, maana jana kulikuwa na jua na bado ikakata.

Basi kuna mtu anatuibia mtandao. Na mtu huyo ni Mama Kuku wa nyumba ya pili. Mwanamke anayefuga kuku uani na kutwa anatazama tamthilia kwenye simu, hizo tamthilia anazitolea wapi?

Jumanne, 25 Machi

Nimemwomba Dada abadilishe neno la siri. Amebadilisha bila hata kuuliza. Saa hiyo hiyo Mama Kuku akatokea kwenye ukuta: "Jirani, kwenu waifai imepatwa na nini?" Hana haya! Nikamwambia imepatwa na mwenyewe. Nimefurahi hivi kwamba nimemkaangia Mama yai ambalo hakuliomba.

Alhamisi, 27 Machi

Imekata. Mkuu akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mchoraji wetu amepotea tena." Nilimsikia, kwa sababu sauti ilikuwa bado haijakatika. Bwana Tai akacheka kwa pua. Huyo naye siku yake inakuja.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeng'amua jambo. Jumapili yote nilipakua michoro mizito, haikukata. Jioni huwa natazama mafunzo ya video, haikati. Hata kwenye kikao, nikikaa kimya nasikiliza wengine, haikati. Inakata nikianza kuongea mimi. Hitilafu gani hiyo inayosubiri zamu yangu ya kusema?

Ijumaa, 4 Aprili

Nataka niandike hili polepole, lisinipotee hata tone.

Asubuhi Dada alikuwa anamwogesha Mama. Mimi nilikuwa nimewasha laptopu chumbani kwangu, kikao kilikuwa karibu. Simu ya Dada ikalia kwenye meza ya dawa. "Kitinda," akaniita, hilo ndilo jina langu kama mtoto wa mwisho, "hebu nisomee, itakuwa kliniki, mikono yangu ina povu." Nikaishika. Ujumbe wa kliniki ulikuwepo. Lakini juu yake ulishuka mwingine, wakati huo huo, mbele ya macho yangu: *Laptopu ya Kitinda imejiunga na Ghorofani.* Na chini yake vitufe viwili: *Ruhusu. Toa nje.*

Nikagusa maandishi. Ikafunguka programu ya ruta. Pale palikuwa na jina la mashine yangu, na pembeni yake: *Ilitolewa jana asubuhi. Iliruhusiwa jana asubuhi.*

Dada alikuwa amenipa mgongo anamsugua Mama visigino. Visigino vya Mama huwa anavisugua kwa upole sana. Chumba cha Mama na changu vimetenganishwa na ukuta wa tofali moja, nimeuchora mwenyewe. Ukisimama pale kwenye kitanda unanisikia nikikohoa, sembuse nikiongea na Mkuu. Alikuwa ananisikiliza nianze kuongea, anakausha mikono, anabonyeza. Kisha anashuka, samahani, hashuki hata, anachungulia tu mlangoni na kuniambia pole mdogo wangu.

Nilimsomea ujumbe wa kliniki kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikarudisha simu mahali pake, na kioo chake nikakizima.

Damu moja, ziwa moja. Nilimtukana fundi, nikamnyima Mama Kuku tamthilia zake, nikailaani mvua ya watu. Na aliyekuwa ananizika alikuwa ananipapasa mgongo kwa sabuni.

Jumamosi, 5 Aprili

Sitamsema. Nikimsema atalia, na Dada akilia mtaa mzima huja kumfariji. Nitamlipa kidogo kidogo, na risiti sitampa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekaa nikafikiri: kila laptopu yangu ikijiunga, simu yake inamwandikia jina la mashine. Na jina la mashine anayelichagua ni nani? Si mimi? Nikaingia kwenye mipangilio nikafuta *Laptopu ya Kitinda*. Mashine haikubali nafasi kati ya maneno, ikataka vistari. Nikaandika: *KIKULACHO-KI-NGUONI-MWAKO.*

Nikaiwasha kabla ya kikao. Nikasikia simu yake ikilia ng'ambo ya ukuta. Nikasikia maji yameacha kumwagika. Mama akasema, "Mbona umeniacha na sabuni machoni?"

Kikao hakikukata. Nilieleza mpango wa vyumba vya wagonjwa mwanzo mpaka mwisho, Mkuu akavaa miwani yake, na miwani huwa haivai kwa kila mtu.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo mashine inaitwa *HASIDI-HANA-SABABU*. Dada ameshuka na macho mazito, akasema anaumwa kichwa. Nikamwambia pole, dada yangu. Nililisema kama anavyolisema yeye.

Utamu wake siwezi kuueleza. Hawezi kuuliza, maana akiuliza tu amekiri kwamba simu yake inanichungulia. Anakula mwiba na kusema asante.

Jumanne, 15 Aprili

Amejibu! Asubuhi nimefungua laptopu, mtandao wa Ghorofani haupo. Mahali pake kuna mtandao mpya wenye neno la siri lile lile: *MCHUMA-JANGA-HULA-NA-WA-KWAO*.

Nimecheka peke yangu. Sikujua kama ana ulimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mimi: *MNAFIKI-MKONO-WA-SABUNI*.
Yeye, jioni: *MWENDA-TEZI-NA-OMO-MAREJEO-NI-NGAMANI*.

Hilo limenichoma. Maana yake niende zangu kokote, mwisho nitarudi hapa hapa, kama nilivyorudi kutoka kwenye ndoa. Yule aliyerudi. Hata yeye.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama Kuku amenizuia njiani, kuku mmoja kwapani. "Jirani, hebu niambie, kwenu kuna nini? Kila nikitafuta waifai, simu yangu inanisomea methali. Mume wangu anadhani ni mimi namsema." Nikamwambia ni darasa la lugha. Akasema, "Basi mwalimu wenu mkali."

Mezani tunapeana chumvi vizuri. Shemeji anakula huku ameinamia sahani kama mtu anayepita karibu na nyuki.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikuwa namgeuza Mama. Akaniuliza, "Mnatupiana maneno kwenye hicho kisanduku, siyo?" Nikamuuliza nani kamwambia. "Nimeumia nyonga, sikuumia masikio. Simu ikilia hapa, mmoja ananuna. Kompyuta ikifunguliwa kule, mwingine anacheka. Wakipigana fahali wawili, unajua. Basi nyasi zimelala hapa kitandani zinawasikiliza."

Nikamwambia alale. Nikamwambia hajui alichonifanyia Dada. Akasema, "Sijui. Ila najua mkono wako ni mwepesi, wake mzito. Ukinigeuza wewe siumii." Nilimfunika miguu nikatoka, kwa sababu sikutaka kusikia sifa siku hiyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Amenitoa nje tena. Safari hii hajajificha. Nilikuwa nawasilisha wodi ya akina mama, mchoro wangu bora kuliko yote, dirisha la kila kitanda nimelielekeza asubuhi iingilie. Nilitamka, "Sasa tazameni upande wa," basi. Niliporudi, Bwana Tai alikuwa amemaliza kusema kwamba madirisha yangu ni mengi mno, na hapakuwa na wa kuyatetea.

Nilitoka mpaka mlangoni kwa Mama. Dada alikuwa ameshika simu mkononi, hakuificha. Tukatazamana. Mama alikuwa katikati yetu anatazama dari.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Sijamsemesha, hajanisemesha.

Ijumaa, 2 Mei

Mkuu amenipigia mwenyewe. Amesema kazi yangu anaipenda ila amechoka kunisikia nusu nusu. Wiki ijayo usaili wa mwisho, mimi na Bwana Tai, kila mtu siku yake. "Chagua wewe kwanza," akasema. "Alhamisi au Ijumaa?"

Sasa niandike jambo ambalo Mkuu halijui. Alhamisi ni siku ya Dada. Wakunga waliosoma naye wanakutana, wale walioingia wodini pamoja wakiwa wasichana. Dada aliacha wodi ili amtunze Mama, na wenzake wamemchagua yeye atoe hotuba. Tangu Februari alinishika mikono yangu miwili: "Kitinda, siku hiyo moja tu, ukae na Mama kutwa." Nikamwambia nenda, dada yangu, ukacheze. Nguo imeshonwa, imetundikwa nyuma ya mlango wake, ya kijani. Shemeji siku hiyo yuko safarini kikazi.

Nikamwambia Mkuu, "Alhamisi."

Moyo haukunisuta hata kidogo. Ulifurahi, nausema ulivyofanya.

Jumatatu, 5 Mei

Dada anaimba ghorofani. Anajaribu hotuba yake, anaanza upya kila mara kwenye salamu. Sijamwambia kitu. Nimekwenda kwa fundi kumwomba meza na mtandao siku ya Alhamisi. Amefurahi, ameahidi kuzipanga upya televisheni.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kibanda cha maji kama mtu anamwaga kokoto. Nilivaa koti la mvua, nikaifunga laptopu kwenye mifuko ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Nikasubiri sebuleni. Ningeweza kutoka mapema nisionane naye. Nilisubiri kwa sababu nilitaka kuuona uso wake.

Akashuka na nguo ya kijani. Alikuwa amepaka wanja. Sijamwona Dada na wanja tangu Mama aanguke, na alikuwa amependeza, na hilo liliniongezea hasira.

"Mbona koti?" akauliza.

"Nina usaili."

"Leo?" Akacheka kidogo, akidhani natania. "Kitinda, leo si ni siku yangu? Uliniahidi."

"Ningeufanyia hapa chumbani huku namwangalia Mama," nikasema. "Tatizo mtandao wa hapa una mkono."

Akaweka mkoba chini. Nilidhani atakana, nilikuwa nimeandaa la kumjibu akikana. Hakukana.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa nasimama pale kwa Mama, nakusikia unavyochangamka na hao watu wako, nabonyeza."

"Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea. Unaondoka." Sauti yake haikupanda. "Ukiondoka nabaki mimi. Wewe utakuwa unatupigia na kusema pole. Mimi nitamgeuza asubuhi, nitamgeuza mchana, nitamgeuza usiku, mpaka siku atakapokuwa hahitaji kugeuzwa. Nilianza kuzalisha watu nikiwa na umri mdogo kuliko ulionao, Kitinda. Nilikuwa na wodi. Watoto wa mtaa huu nusu yao nimewashika mimi kwanza. Sasa sina wodi, nina zamu."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningekwambia nini? Usiende? Ungekaa?"

Nilifunga vifungo vya koti la mvua. Hapa najijibu: nisingekaa. Lakini ningekuwa na nafasi ya kukataa mbele ya uso wake, na yeye aliichukua nafasi hiyo akaiweka kwenye kidole chake. Kwa hilo nilimchukia pale pale, na wanja wake, na nguo yake.

"Basi kaivue hiyo nguo," nikamwambia. "Mama hajaogeshwa."

Nililifanyia kazi neno hilo tangu Ijumaa. Lilitoka zuri kama nilivyolipanga. Dada akaanza kufungua kifungo cha shingoni, pale pale sebuleni, mbele yangu, taratibu, kama mtu aliyeamriwa. Kutoka chumbani Mama akauliza nani anatoka na mvua yote hii. Nikafungua mlango, nikatoka.

Kwa fundi mambo yalikwenda. Nilikaa kati ya televisheni, mtandao ukatulia kama maji ya mtungini. Nilimtetea kila mgonjwa na dirisha lake. Mkuu aliuliza, nikajibu, akauliza, nikajibu. Mwishoni akasema, "Kumbe ukisikika mzima ni mtu mwingine kabisa."

Nikarudi nimelowa. Nguo ya kijani ilikuwa imerudi kwenye mlango wake, niliiona nikiwa chini ya ngazi. Dada alikuwa anamgeuza Mama, ana kanga ya kazi, wanja umechirizika kidogo. Kwenye simu yake kulikuwa na sauti za wanawake wanacheka, wamempigia wakiwa kwenye sherehe, wanamwita jina lake la ujana. Alikuwa anawaambia kwamba Mama ameamka vibaya leo. Hakunitaja.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata kazi. Bwana Tai ameniandikia pongezi, bila shaka akiwa amevaa tai.

Nilipanda ghorofani nikamwambia Dada. Akasema, "Hongera." Nikasema, "Asante." Nikashuka. Hotuba yangu ya ushindi, niliyoitunga mwezi mzima, imebaki tumboni.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua zimekwisha. Mtandao unaitwa Ghorofani tena. Nami laptopu nimeipa jina *Laptopu*.

Jumapili, 18 Mei

Nimeaga. Dada alinifungia begi, zipu iliponishinda akalikalia juu. Hatukukumbatiana. Mama alinishika mkono, akaukunja vidole, akaukunjua, akaukunja tena.

Jumamosi, 24 Mei

Chumba changu kipya kina dirisha moja na ufunguo mmoja. Ofisini wamenipa wodi ya akina mama nzima. Kompyuta ya ofisi na ya kwangu zote zinashika vizuri, nyumba hii mtandao wake umetoka kwenye nguzo ya barabarani, hakuna anayeugusa. Nimenunua sufuria. Nimelala mchana kwa sababu hakuna aliyeniita.

Jumapili, 1 Juni

Nilimpigia Mama kwa video kupitia simu ya Dada. Nilivaa blauzi ya ofisini ili aone. Dada aliishika simu, sura yake haikuonekana, niliona kidole gumba tu kwenye ukingo. Mama amekonda. Nikamweleza madirisha, nikamweleza lifti, nikamweleza Mkuu na miwani yake. Alisikiliza vizuri, akasema nimependeza.

Kisha akasema, "Nyonga inaniuma, mwanangu. Utakuja lini unigeuze? Huyu dada yako anajitahidi, ila mkono wake mzito. Lini?"

Kidole kile kwenye ukingo hakikutikisika. Mama alikuwa ananitazama, amekaza macho kwenye kioo, anasubiri siku na tarehe. Picha ilikuwa safi, naona mpaka ule unyevu pembeni ya jicho lake. Nilifungua mdomo. Sikuwa na tarehe.

Nikakata.

Nilikaa na simu mapajani kama mwizi aliyeshika alichoiba. Halafu nikamwandikia Dada: *Mtandao umekatika ghafla. Mwambie Mama nitapiga siku nyingine.*

Jibu lake lilikuja hapo hapo.

*Usijali, mdogo wangu. Mtandao huo naujua.*